Si mwili unaozoea antibiotiki: usugu unakaa kwenye jeni za bakteria

Mwanamaabara (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila mada ya dawa ikifunguliwa humu lazima atokee mtu aandike "mimi amoksilini hainigusi tena, mwili umeshaizoea". Naomba leo tulimalize hili. Mwili wako hauna mazoea yoyote na amoksilini. Dawa hiyo inashambulia vimeng'enya vinavyojenga ukuta wa bakteria, ukuta ambao seli za binadamu hazina kabisa. Anayekuwa sugu ni bakteria, na usugu wake umeandikwa kwenye DNA yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha antibiotiki, na bado bakteria aliyemuingia akawa sugu. Amekuja nao huko alikotoka.

Nitakwenda polepole maana si wote humu ni watu wa maabara. Wanaojua waruke.

Antibiotiki nyingi zina sehemu maalumu zinayoikamata ndani ya bakteria. Penisilini na ukoo wake zinakamata hivyo vimeng'enya vya ukuta. Rifampisini inakamata polimeresi ya RNA, yaani mashine inayonakili maagizo kutoka kwenye DNA. Siprofloksasini inakamata jairesi, kimeng'enya kinachozuia DNA isijisokote kupita kiasi. Tetrasaiklini na erithromaisini zinakaa kwenye ribosomu, pale protini zinapotengenezwa. Bakteria akitaka kupona ana mbinu chache tu: abadilishe umbo la sehemu inayokamatwa, aivunje dawa, aiteme nje kwa pampu, au abane njia isiingie. Kila mbinu hapo ina jeni yake, na jeni hiyo huipata kwa mojawapo ya njia mbili. Ama anakosea mwenyewe wakati wa kunakili DNA, ama anapewa na mwingine. Watu huzichanganya hizi mbili, na ushauri mwingi wa hovyo unaanzia hapo.

Tuanze na kukosea mwenyewe. Mfano wake bora ni bakteria wa kifua kikuu, kwa sababu huyu karibu usugu wake wote ni wa aina hii. DNA yake ina herufi takribani milioni 4.4. Ndani yake kuna jeni inaitwa rpoB, inayotengeneza sehemu ya ile polimeresi ambayo rifampisini huikamata. Kwenye rpoB kuna kipande kifupi cha herufi 81 tu, na takribani asilimia 95 ya usugu wa rifampisini unatokana na makosa ndani ya kipande hicho. Kosa linaloongoza liko kwenye kodoni (herufi tatu zinazotaja asidi amino moja) ya 450: TCG inakuwa TTG. Herufi moja, C imekuwa T. Matokeo yake asidi amino ya serini inabadilika kuwa lusini, lile pango la rifampisini linabadilika umbo, na dawa haishiki tena. Herufi moja kati ya milioni 4.4, na dawa muhimu kuliko zote za ugonjwa huo imekwisha kazi.

Makosa haya ni adimu. Usugu wa isoniazidi, dawa nyingine ya kifua kikuu, unajitokeza kwa bakteria mmoja hivi kati ya milioni 100, na wa rifampisini ni adimu zaidi, mmoja kati ya bilioni kadhaa. Lakini tundu moja la kifua kikuu kwenye pafu linaweza kubeba bakteria milioni 100 na kuendelea. Maana yake kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza, mle ndani tayari yupo anayeweza kuikwepa isoniazidi. Ukimpa mgonjwa dawa moja pekee unafagia wengine wote na kumwachia huyo uwanja. Hili lilionekana waziwazi kwenye jaribio la streptomaisini la Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, lililochapishwa mwaka 1948: wagonjwa wengi walipata nafuu miezi ya mwanzo, halafu baadhi yao wakarudi nyuma kwa sababu bakteria wao walishakuwa sugu. Ndipo wataalamu wakaanza kuchanganya dawa. Bakteria mmoja kukosea mahali pawili tofauti kwa pamoja ni jambo ambalo hesabu inalikataa.

Nikipata nafasi nitashusha njia ya pili. Maswali ruksa.

Kipepeo88

Naweka kambi hapa. Swali mkuu: kwa hiyo dawa ndiyo inayowalazimisha wabadilike? Yaani bakteria anaona dawa inakuja, anajibadilisha?

Mwanamaabara

Hapana, na swali lako liliwasumbua wanasayansi kwa miaka. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walilijibu kwa hesabu, wakitumia virusi vinavyoua bakteria. Ila jaribio ninalolipenda mimi ni la Joshua Lederberg na mkewe Esther, mwaka 1952, maana halihitaji hesabu.

Walichukua sahani iliyoota makundi ya bakteria, bila dawa yoyote. Wakachukua kitambaa cha mahameli kilichotakaswa, wakakibandika juu ya sahani ile kikaokota bakteria kidogo kutoka kila kundi, kisha wakakibandika kwenye sahani nyingine zenye streptomaisini. Kila kundi likahamia likiwa mahali pake palepale, kama muhuri. Kwenye sahani zenye dawa wakaota wachache tu, na cha ajabu waliota mahali pale pale katika kila nakala. Sasa rudi kwenye sahani ya kwanza, ile ambayo haijawahi kuona dawa. Chota bakteria wa mahali hapo, wapime: ni sugu. Walikuwa sugu kabla ya kukutana na dawa. Dawa haikuwafundisha kitu, ilichagua tu nani abaki.

Naongeza angalizo moja nisije nikashushiwa mvua ya mawe na watu wa jenetiki. Dawa zinazojeruhi DNA, kama siprofloksasini, huamsha mfumo wa dharura ndani ya bakteria unaoitwa SOS. Mfumo huo huita vimeng'enya vya kunakili DNA ambavyo havina umakini, kwa hiyo makosa yanaongezeka. Hapo dawa inaongeza idadi ya tiketi za bahati nasibu, lakini bado haichagui namba ya ushindi.

Mzee wa Hoja

Kijana umeeleza vizuri, lakini mimi sijashawishika. Kama makosa ni adimu hivyo, inakuwaje kuna bakteria sugu kwa dawa nne, tano, sita kwa mpigo? Kwa hesabu yako mwenyewe haiwezekani.

Mwanamaabara

Mzee wangu, shikamoo. Umenifungulia mlango wa njia ya pili, na hoja yako ndiyo hasa iliyowasumbua madaktari wa Japani miaka ya 1950.

Baada ya vita, kuhara damu kunakosababishwa na Shigella kulikuwa tatizo kubwa kule. Sulfa zikaanza kushindwa, zikaja streptomaisini, kloramfeniko na tetrasaiklini. Katikati ya miaka hiyo wakaanza kuona Shigella sugu kwa zote nne kwa pamoja. Kwa njia ya kukosea tu, bakteria wa namna hiyo hapaswi kuwepo. Halafu wakaona jambo lililowatoa jasho zaidi: mgonjwa yuleyule mmoja alikuwa na Shigella anayesikia dawa na Shigella sugu kwa zote nne, tena wa aina ileile. Na E. coli waliokuwa kwenye utumbo wa wagonjwa hao nao walikuwa sugu kwa dawa zilezile nne.

Mwaka 1959 Ochiai na Akiba, kila mmoja na kundi lake, walifanya jambo rahisi. Walichanganya E. coli sugu na Shigella asiye sugu kwenye chupa moja, wakaacha, wakapima. Shigella akatoka sugu kwa zote nne kwa mara moja. Usugu ulikuwa umehama kifurushi kizima, kutoka spishi moja kwenda nyingine. Tsutomu Watanabe ndiye aliyeieleza habari hii kwa kirefu kwa Kiingereza mwaka 1963, na hapo ulimwengu ukashtuka.

Kifurushi hicho ni plasmidi: duara dogo la DNA linaloishi pembeni ya kromosomu (DNA kuu ya bakteria) na kujinakili lenyewe. Plasmidi nyingi zina jeni za kujenga mrija unaomgusa bakteria jirani, na kupitia hapo nakala inavuka. Aliyetoa habaki mikono mitupu, anabaki na nakala yake. Ndani ya plasmidi kuna transposoni, vipande vinavyoweza kuruka kutoka plasmidi kwenda kromosomu na kurudi. Na ndani ya transposoni mara nyingine kuna integroni, ambazo zina kimeng'enya cha kudaka jeni mojamoja zinazoelea na kuzipanga mstari nyuma ya swichi moja. Swichi ikiwashwa, zote zinafanya kazi. Ndiyo jibu lako mzee: hakukosea mara sita, alipewa sita kwa siku moja.

Njia nyingine za kuhamisha zipo. Virusi vya bakteria vinaweza kubeba kipande cha DNA kimakosa. Na wapo bakteria kama wa nimonia na wa kisonono wanaookota DNA ya wenzao waliokufa na kuichomeka kwenye yao. Penisilini imepata tabu sana kwa bakteria wa nimonia kwa sababu hiyo: jeni zake za vimeng'enya vya ukuta zimekuwa viraka, kipande chake mwenyewe, kipande cha binamu zake wa kooni.

Bi Tausi

Asante kwa darasa. Mimi ni muuguzi, kila siku tunaona majibu ya maabara yameandikwa "ESBL" na sisi tunabadilisha dawa tu. Nini hasa mnachokiona huko?

Mwanamaabara

Dada Tausi, hili nitalieleza kwa raha maana ndiyo kazi yangu.

Sampuli ikishaota, tunachukua bakteria, tunawatandaza kwa pamba juu ya sahani nzima, kisha tunapanga juu yake vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Sahani inalala kwenye joto la nyuzi 35 usiku kucha. Asubuhi sahani imefunikwa na utando wa bakteria, isipokuwa duara safi kuzunguka karatasi ambayo dawa yake inafanya kazi. Tunapima kipenyo kwa rula, kwa milimita, tunalinganisha na jedwali. Duara kubwa, dawa inafaa. Bakteria wakiota hadi ukingo wa karatasi, basi.

Sasa ESBL ni vimeng'enya vinavyovunja antibiotiki za jamii ya sefalosporini kama seftriaksoni na sefotaksimu. Tunaweka karatasi ya sefotaksimu karibu na karatasi ya amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, ambayo inaziba kinywa cha vimeng'enya hivyo. Peke yake, sefotaksimu inatoa kiduara cha aibu. Lakini upande unaoelekea klavulaniki, duara linachomoza na kuungana na la jirani, linakuwa na umbo la tundu la funguo. Ukiliona hilo hata rula huihitaji.

Mara nyingine ndani ya duara safi unakuta vijikundi viwili vitatu vimeota peke yao. Usivipuuze. Huenda ni uchafu, au huenda ndio wale wa Lederberg.

Na kimeng'enya hicho kina historia yake. TEM-1, mmoja wa wakongwe, alipatikana Ugiriki mwaka 1965. Alikuwa anavunja ampisilini na jamaa zake, lakini sefalosporini mpya zilimshinda. Makosa machache kwenye jeni yake, herufi hapa, herufi pale, kinywa chake kikapanuka akaanza kuzimeza na hizo. Hapo njia zote mbili zimekutana: jeni ilihamia kwa plasmidi, kisha ikakosewa ikiwa safarini. Ukoo mwingine, CTX-M, ambao leo ndio umetapakaa zaidi, ulitoka kwenye kromosomu ya Kluyvera, bakteria ambaye wengi wenu hamjawahi kumsikia na ambaye mara chache sana humuumiza mtu.

Chizi Maarifa

Mnazunguka tu. Kampuni za dawa ndizo zilizotengeneza usugu ili ziuze dawa mpya. Kabla ya antibiotiki hakukuwa na usugu. Huo ndio ukweli hamtaki kuusema.

Mwanamaabara

Ndugu, kimeng'enya kinachovunja penisilini kilielezwa na Abraham na Chain mwaka 1940, kabla penisilini haijaanza kutumika kwa umma. Na mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya DNA waliyoitoa kwenye udongo ulioganda wa Yukon, Kanada, wenye umri wa miaka 30,000. Walikuta humo jeni za usugu dhidi ya penisilini, tetrasaiklini na vankomaisini. Kampuni gani ilikuwepo miaka hiyo?

Antibiotiki nyingi hatukuzibuni sisi. Zinatengenezwa na kuvu na bakteria wa udongo wanaopigana wao kwa wao, na anayetengeneza sumu lazima awe na kinga yake asijiue. Jeni hizo ni kongwe. Tulichofanya sisi ni kumwaga dawa kwa tani, mahospitalini na mifugoni, hadi jeni iliyokuwa imejificha kwa bakteria wa udongo ikawa na faida kubwa kwa bakteria wa wodini.

Usugu wa vankomaisini ndio unaonishangaza kuliko wote. Dawa hii haikamati kimeng'enya. Inakamata tofali lenyewe la ukuta, kwenye ncha yenye alanini mbili. Wataalamu walidhani bakteria hatatoboa, atabadilishaje tofali? Kundi la jeni za vanA lilifanya hivyohivyo: moja inatengeneza laktati, ya pili inaiunganisha mahali pa alanini ya mwisho, ya tatu inayakata matofali ya zamani yasije yakatumika, na nyingine mbili zinanusa kama dawa ipo ili kazi ianze. Badiliko hilo dogo la ncha linapunguza mshiko wa dawa takribani mara 1,000. Mfumo kama huo haujatungwa ndani ya miaka michache. Ulionekana kwa Enterococcus, bakteria wa utumboni, miaka ya 1980 mwishoni, na mwaka 2002 huko Marekani ukapatikana ndani ya Staphylococcus aureus, umeruka na transposoni yake.

Kipepeo88

Sasa tukiacha kutumia dawa fulani kwa miaka kadhaa, si bakteria watarudi kuisikia?

Mwanamaabara

Wakati mwingine. Usugu una gharama: polimeresi iliyobadilika inafanya kazi kwa kusuasua, plasmidi inakula nguvu. Pasipo dawa, asiye sugu anapaswa kumshinda mbio sugu. Finland walipunguza matumizi ya erithromaisini mapema miaka ya 1990, na usugu wa streptokoka wa koo ukashuka kutoka asilimia 16.5 mwaka 1992 hadi 8.6 mwaka 1996. Hiyo ni habari njema.

Habari mbaya ni ya Uingereza, ambako sulfa ziliachwa karibu kabisa miaka hiyohiyo ya 1990 na usugu wake kwa E. coli haukushuka. Jeni ya usugu wa sulfa inasafiri kwenye plasmidi moja na jeni za dawa nyingine zinazoendelea kutumika. Ukitumia hizo, unaitunza na yenyewe. Tena plasmidi nyingi zina sumu na kiuasumu: bakteria akiitupa plasmidi, kiuasumu kinaoza haraka, sumu inabaki, anakufa. Na kwa kifua kikuu, walio na kosa kwenye rpoB mara nyingi hupata kosa la pili kwenye rpoC, jeni nyingine ya polimeresi ileile, linalorudisha kasi yao. Wanabaki sugu na hawalipi gharama tena.

Mzee wa Hoja

Marahaba kijana, nimekuelewa. Lakini nimesikia sasa madaktari wenyewe wanasema kumaliza dozi si lazima. Tumfuate nani?

Mwanamaabara

Mzee, ndiyo maana nilisema watu wanachanganya njia mbili. Kwa kifua kikuu usugu unazaliwa ndani ya mgonjwa mwenyewe, kwa kukosea, na ukikatisha tiba unawaachia waliobaki nafasi. Hapo miezi yote imalizwe, hakuna mjadala.

Kwa maambukizi mengi ya kawaida, hatari kubwa haiko kwa bakteria anayekuumiza. Iko kwa matrilioni wanaoishi utumboni kwa amani, wanaokula dawa bila kosa. Kila siku ya ziada ya dawa inawachuja hao, wenye plasmidi wanabaki, na kesho wanamgawia mwenye madhara. Ndiyo maana majaribio ya tiba yamekuwa yakifupisha siku za dawa kwa magonjwa kama nimonia, pale nafuu inapokuwa ileile. Lakini anayefupisha ni daktari kwa ushahidi, si mgonjwa kwa kuwa homa imeshuka. Na kuweka akiba vidonge vilivyobaki ili umpe mwingine ni kosa kwa hesabu zote mbili.

Bi Tausi

La mwisho kaka. Siku hizi kuna mashine ya jeni inatoa jibu la rifampisini ndani ya saa mbili. Kwa nini bado mnahangaika kuotesha?

Mwanamaabara

GeneXpert, iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010. Imeokoa muda mno, maana kuotesha bakteria wa kifua kikuu ni suala la wiki. Lakini inasoma zile herufi 81 tu. Kuna kosa kwenye kodoni ya 491 ya rpoB, nje ya kipande hicho, na bakteria mwenye nalo ni sugu huku mashine ikisema "hakuna usugu". Eswatini waligundua kwamba sehemu kubwa ya usugu wao ulikuwa wa kosa hilo. Na usidhani kuotesha kungemnasa: huyu ni sugu wa mpakani, kipimo cha kuotesha kwenye kimiminika nacho mara nyingi humpitisha kama mzima. Ili kumwona ilibidi wasome herufi za rpoB nje ya kile kipande.

Kwa hiyo dada, mgonjwa akiwa anameza dawa zote mbele ya macho yenu na makohozi bado yana bakteria, msiridhike na jibu la mashine. Tuleteeni sampuli tena, na muandike kwenye fomu kwamba tiba haifanyi kazi. Bila maelezo hayo sampuli yake inapita kama zingine.